Polisi Akishtakiwa, Nani Hulipa?

Mnamo Desemba 2020, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa hukumu katika kesi iliyowasilishwa na waathiriwa wa dhuluma za kingono zilizotokea wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Wanne kati ya walalamishi hao waliamriwa walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Mahakama iliona kwamba serikali ilishindwa kutimiza wajibu wake wa kuwalinda, na pia wajibu wa kuchunguza na kuwafikisha wahusika mahakamani.

Milioni 4 mara nne ni milioni 16. Fedha hizo haziwezi kutoka katika mshahara wa askari mmoja wa cheo cha konstebo, na hakuna kampuni ya bima iliyosimama nyuma ya kesi hiyo kusema italipa. Mlipaji ni hazina ya umma, yaani kodi ya muuza mboga, mwalimu, mvuvi na mwenye matatu. Mkazi wa kaunti ana sababu mbili basi za kuielewa sheria hii. Huenda siku moja akawa ndiye anayedai. Na hata asipodai kamwe, yeye ni mmoja wa wanaolipa.

Makala haya yanaeleza jinsi kesi ya fidia dhidi ya polisi inavyoendeshwa nchini Kenya na fedha zinatoka wapi, kisha yanaangalia Marekani, ambako miji mingi hununua bima ya kulipia kesi za namna hii. Huko bei ya bima imewahi kufanya jambo ambalo maandamano na mahakama hazikufanya: imefunga idara nzima ya polisi.

Kesi ya jinai na kesi ya madai

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Afisa wa polisi akimuua au kumjeruhi mtu kinyume cha sheria, anaweza kushtakiwa kwa jinai. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiye anayeendesha kesi hiyo, na mwisho wake ni kifungo, faini au kuachiliwa. Mfano unaokumbukwa sana Pwani ni wa maafisa wawili waliohukumiwa kifungo cha miaka 7 na Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2016, kwa kumuua msichana wa miaka 14 katika Kaunti ya Kwale wakati wa msako wa mwaka 2014. Uchunguzi wa kesi hiyo ulifanywa na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Kifungo kama hicho hakimlipi mzazi gharama ya mazishi. Kwa hilo inahitajika kesi ya madai, ambayo huletwa na mwananchi mwenyewe au familia yake, na mwisho wake ni amri ya kulipa fedha. Kesi hizi mbili hazizuiani, na hata kipimo cha ushahidi ni tofauti. Katika jinai, mahakama lazima iridhike pasipo shaka yoyote ya maana. Katika madai inatosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa lilitokea kuliko kutotokea. Ndiyo maana afisa anaweza kuachiliwa katika kesi ya jinai na bado serikali ikaamriwa kulipa fidia kwa tukio lilelile.

IPOA yenyewe haitoi amri ya fidia. Inapokea malalamishi, inachunguza, na inapendekeza hatua za kuchukuliwa. Amri ya kulipa hutolewa na mahakama. Mtu aliyepeleka malalamishi IPOA akakaa kungoja hundi, anaweza kujikuta muda wa kwenda mahakamani umempita.

Anayeshtakiwa ni nani?

Chini ya Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40, serikali hubeba lawama ya makosa ya watumishi wake waliokuwa kazini kama vile mwajiri yeyote wa kawaida anavyobeba. Polisi ni huduma ya kitaifa, kwa hivyo kesi hufunguliwa dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Afisa mwenyewe anaweza kutajwa pia kama mshtakiwa, na mara nyingi hutajwa pale jina na nambari yake ya kazi vinapojulikana, lakini wakili akimsahau Mwanasheria Mkuu amemsahau mwenye mfuko.

Hali ni tofauti kwa askari wa kaunti, wale wanaoitwa kanjo na vijana wa mjini hadi leo, ingawa mabaraza ya miji yalivunjwa mwaka 2013. Hao si polisi. Ni waajiriwa wa serikali ya kaunti, wanaotekeleza sheria ndogo za kaunti kuhusu biashara, usafi, maegesho na mengineyo. Askari wa kaunti akimvunja mkono mchuuzi wakati wa kumwondoa barabarani, kesi huja dhidi ya serikali ya kaunti, na fidia hutoka katika bajeti ya kaunti, ile inayonunua dawa za zahanati na kutengeneza barabara za mashinani. IPOA haina mamlaka juu yao. Malalamishi kuwahusu hupelekwa kwa kaunti yenyewe, kwa Tume ya Haki ya Utawala, au kituo cha polisi ikiwa tendo ni la jinai.

Miezi kumi na miwili

Jambo linaloua kesi nyingi si ukosefu wa ushahidi. Ni kalenda. Sheria ya Ukomo wa Muda kwa Mamlaka za Umma, Sura ya 39, inasema kesi ya madhara dhidi ya serikali isifunguliwe baada ya miezi 12 tangu siku haki ya kudai ilipozuka. Kwa mtu aliyegongwa na gari la mtu binafsi, muda ni miaka 3. Aliyegongwa na gari la polisi ana mwaka mmoja. Wengi hawalijui hili, na hukaa wakiuguza mguu, wakiuza mbuzi mmoja mmoja kulipia hospitali, wakisema watamwona wakili wakishapona. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa huumiza mfuko vilevile.

Kwa kesi ya kushtakiwa kwa hila, muda hauanzi siku ya kukamatwa. Unaanza siku kesi ya jinai ilipokwisha kwa faida ya mshtakiwa. Lakini kuachiliwa peke yake hakutoshi kushinda. Katika kesi ya Murunga dhidi ya Mwanasheria Mkuu ya mwaka 1979, ambayo mawakili huitaja hadi leo, mahakama iliweka mambo manne ya kuthibitishwa: kwamba mdaiwa ndiye aliyeanzisha mashtaka, kwamba mashtaka yalikwisha kwa faida ya mdai, kwamba hayakuwa na msingi wa kuridhisha, na kwamba yalisukumwa na nia mbaya. La nne ndilo gumu. Polisi aliyekosea kwa kweli, akiwa na ushahidi uliomfanya mtu yeyote mwenye akili timamu ashuku, hawezi kusemwa kuwa alikuwa na hila.

Kuna njia nyingine, nayo ni ombi la kikatiba. Kifungu cha 22 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani iwapo haki yake ya kimsingi imevunjwa, na Kifungu cha 23 kinaitaja fidia waziwazi miongoni mwa nafuu ambazo mahakama inaweza kutoa. Waliozuiliwa seli zaidi ya saa 24 bila kufikishwa kortini mara nyingi hupita njia hii, kwa kuwa Kifungu cha 49 kinaweka muda huo, isipokuwa saa hizo zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama au siku isiyo ya kazi. Katiba haikuweka ukomo wa muda kwa maombi ya namna hii. Hata hivyo, majaji huuliza sababu ya kuchelewa, na jibu la «sikujua» haliwaridhishi sikuzote. Waliozuiliwa na kuteswa katika enzi ya chama kimoja walifungua kesi miaka mingi baadaye, wengine wakashinda. Marehemu Kenneth Matiba, aliyetiwa kizuizini mwaka 1990, alipewa na Mahakama Kuu fidia ya zaidi ya shilingi milioni 500 mwaka 2016. Alifariki Aprili 2018.

Kwa miaka mingi sheria pia ilidai kwamba kabla ya kuishtaki serikali mtu atoe notisi ya siku 30. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliona kwamba sharti hilo linamfungia mwananchi mlango wa haki, hivyo linakinzana na Katiba. Mawakili wengi bado huituma barua hiyo. Haina gharama kubwa, na mara moja moja huleta maelewano bila kesi.

Karatasi za siku ya kwanza

Chukua mfano wa mwendesha bodaboda aliyepigwa rungu kwenye kizuizi cha barabarani. Hospitali ndiyo ya kwanza, kwa afya yake na kwa sababu maandishi ya daktari ya siku ileile yana uzito kuliko maneno matamu ya miezi sita baadaye. Kisha kituo cha polisi, hata ikiwa ni kituo kile kile anakofanya kazi aliyempiga. Taarifa iandikwe katika kitabu cha matukio na apewe nambari ya OB. Akikataliwa, aende kituo kingine au ofisi ya IPOA, na aandike jina la aliyemkataa na saa. Fomu ya P3 haiuzwi. Hujazwa na daktari na kurudishwa polisi, na mwenyewe abaki na nakala.

Stakabadhi za dawa, nauli na picha za eksirei ni fedha mahakamani. Mahakama hugawanya fidia katika mafungu mawili makubwa. La kwanza ni la maumivu, aibu na kupoteza uhuru, ambalo hakimu hukadiria kwa kutazama kesi zilizotangulia. La pili ni la gharama zilizotumika, na hilo halikadiriwi: kila shilingi inadaiwa kwa stakabadhi. Mdai aliyetumia 80,000 na kuhifadhi karatasi za 12,000, hupata 12,000. Aliyekufa hana sauti, lakini familia yake inaweza kudai chini ya Sheria ya Ajali za Mauti, Sura ya 32, na Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26.

Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuulizia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Wapo pia mawakili wa mashirika ya haki za binadamu ambao huchukua kesi hizi bila malipo, hasa zikigusa watu wengi. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya majeraha, lakini haipokei kesi za kushtakiwa kwa hila.

Ukishinda, bado hujalipwa

Mtu binafsi akishindwa kesi na akakataa kulipa, dalali wa mahakama huja na lori kuchukua makochi na televisheni. Kwa serikali, haiendi hivyo. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali kinakataza mali ya serikali kushikwa au kupigwa mnada, na masharti hayo yaliongezwa baadaye kuzihusu serikali za kaunti pia. Sababu yake inaeleweka: hakuna anayetaka ambulensi ipigwe mnada mgonjwa akiwa ndani. Kifungu hicho kimepingwa kortini mara kadhaa, kwa hivyo ni vyema kumuuliza wakili jinsi mahakama zinavyokisoma wakati huu.

Njia iliyozoeleka ni hii. Baada ya siku 21 tangu hukumu, mdai huomba mahakama impe cheti cha amri dhidi ya serikali. Cheti hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu na kwa afisa mhasibu wa wizara au idara inayohusika. Asipolipwa, hurudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha afisa huyo alipe. Akikaidi na amri hiyo, anaweza kushtakiwa kwa kudharau mahakama na hata kufungwa. Hapo ndipo fedha huanza kupatikana, maana hakuna afisa mkuu anayependa kulala ndani kwa deni ambalo si lake.

Wakati huo wote riba inahesabika. Tuseme mahakama imeamuru shilingi milioni 2 na riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Kila mwaka unaopita huongeza 240,000. Miaka 5 ya kuvuta miguu ni milioni 1.2, na deni limekuwa milioni 3.2 kabla ya gharama za mawakili. Milioni 1.2 hiyo haikumpiga mtu yeyote rungu. Ni bei ya ofisi kutolipa kwa wakati, na hakuna anayeulizwa.

Bima iko wapi katika haya?

Neno bima likitajwa pamoja na polisi nchini Kenya, wengi hufikiria bima ya matibabu na ya maisha ya maafisa. Hizo humlinda afisa na familia yake. Hazimlipi raia aliyeumizwa. Bima ya aina nyingine, inayoitwa bima ya dhima, humlinda mtu au taasisi dhidi ya madai ya wengine. Mwenye matatu anaijua vizuri: Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inamlazimisha kuwa na bima ya kumlipa mtu wa tatu anayeumizwa na gari lake. Daktari anaweza kuwa nayo kwa makosa ya upasuaji, wakili kwa makosa ya ofisini.

Nchini Marekani, polisi wengi ni wa miji na wilaya, si wa taifa. Kuna maelfu ya idara, nyingine zikiwa na maafisa wasiofika kumi. Sheria ya mwaka 1871, inayojulikana leo kama Kifungu cha 1983 (hiyo ni nambari ya kifungu, si mwaka), inamruhusu mtu kumshtaki afisa wa umma aliyevunja haki zake za kikatiba. Mwaka 1978, katika kesi ya Monell, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mji wenyewe unaweza kushtakiwa ikiwa dhuluma ilitokana na sera au desturi yake. Kuanzia hapo, kila diwani wa mji mdogo alijua kwamba risasi moja ya askari wake inaweza kumeza bajeti ya miaka kadhaa.

Miji mikubwa kama New York na Chicago hujibebea mzigo. Kesi zao ni nyingi mno, kiasi kwamba gharama ya mwaka inaweza kukadiriwa mapema kama gharama ya karatasi. Chicago imewahi kuuza hatifungani ili kupata fedha za kulipia kesi, maana yake ni kwamba wakazi wanalipa fidia na riba ya mkopo wa fidia. Minneapolis nayo, ambako George Floyd aliuawa na polisi Mei 2020, ilikubali mwaka uliofuata kuilipa familia yake dola milioni 27 kutoka fedha za mji.

Miji midogo haiwezi hivyo. Hununua bima, au hujiunga pamoja katika mfuko wa bima, mfano wa chama ambacho kila mji huchanga na anayepatwa hulipiwa. Mwenye kutoza huangalia idadi ya maafisa, silaha na magari yao, kama wana seli, na zaidi ya yote, historia ya madai ya miaka iliyotangulia. Mji wenye kesi nyingi hupandishiwa malipo. Au huambiwa ubebe wenyewe kiasi kikubwa cha kwanza cha kila dai kabla bima haijaanza kulipa. Au hutolewa nje.

Maywood, mji mdogo katika eneo la Los Angeles, ulitolewa nje. Madai mengi yalikuwa yameuandama, mengi yao yakiihusu idara yake ya polisi, na mwaka 2010 mfuko wa bima ukaufutia uanachama. Bila bima mji haukuweza kuajiri hata karani. Uliwaachisha kazi wafanyakazi wake, polisi wote wakiwemo, na ulinzi ukakabidhiwa ofisi ya mkuu wa usalama wa wilaya ya Los Angeles. Mwaka 2014, kijiji cha Lincoln Heights katika jimbo la Ohio kilipata mkasa kama huo: bima ilipoondoka, idara ya polisi ikafungwa na wilaya ikachukua doria.

Kabla mambo hayajafika huko, watoa bima hufanya kazi ambayo msomi wa sheria John Rappaport aliieleza kwa kina katika utafiti wa mwaka 2017. Hutuma wakaguzi. Hudai idara iwe na kanuni zilizoandikwa kuhusu kutumia nguvu, kukimbizana na magari na kupekua watu. Hutoa mafunzo. Wanaweza kumwambia meya kwamba afisa fulani mwenye madai matano anawagharimu kiasi hiki kwa mwaka, na meya akaelewa lugha hiyo kuliko alivyoelewa barua za wananchi. Hawafanyi hivyo kwa huruma. Wanalinda fedha zao, na mara nyingine raia anapona kwa sababu hiyo.

Lakini bima ina upande wa pili. Profesa Joanna Schwartz wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichunguza malipo ya kesi za haki za raia dhidi ya polisi katika idara kubwa 44 kati ya miaka ya 2006 na 2011. Asilimia 99.98 ya fedha zilizolipwa zilitoka serikalini. Maafisa wenyewe walichangia asilimia 0.02. Afisa asiyehisi uchungu wa mfuko, na mkuu wake ambaye malipo hayatoki katika kura ya idara yake, wana sababu gani ya kubadilika? Jimbo la Colorado lilijaribu jibu mwaka 2020: afisa ambaye mwajiri wake ataona hakutenda kwa nia njema, alipe mwenyewe asilimia 5 ya hukumu au dola 25,000, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Huko Minneapolis, kikundi cha wananchi kilitaka mwaka 2016 kura ipigwe ili kila afisa ajinunulie bima yake kama daktari, anayekosea sana alipie zaidi hadi kazi yenyewe imshinde. Mahakama ya jimbo iliamua pendekezo hilo lisiwekwe kwenye kura.

Wazo la kila afisa kujinunulia bima linavutia, ila kwa Kenya lingekuwa la haraka. Mshahara wa konstebo ni mdogo, na malipo ya bima yangeishia kutafutwa barabarani, kutoka kwa wale wale wenye bodaboda na matatu. Kuinunulia serikali bima nako si dawa peke yake. Bima haifuti gharama, inaigawa katika miaka na kumwongezea mtoa bima faida yake. Kinachofaa kuigwa ni ile hesabu ya mtoa bima: madai mangapi, kituo gani, afisa gani, kiasi gani, na nini kilibadilishwa baada yake. Hesabu hiyo haihitaji bima. Inahitaji ofisi iliyo tayari kuiandika na wananchi walio tayari kuiulizia.

Pa kuulizia katika kaunti

Kaunti haiamuru polisi. Hata hivyo, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 iliweka katika kila kaunti Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ambayo mwenyekiti wake ni gavana au mjumbe wa kamati kuu ya kaunti aliyeteuliwa naye. Ndani yake huketi makamanda wa polisi wa kaunti, wajumbe waliopendekezwa na Bunge la Kaunti, na wawakilishi wa wananchi. Kazi zake ni pamoja na kupendekeza vipaumbele vya usalama, kufuatilia mwenendo wa uhalifu na utendakazi wa polisi, na kukuza ushirikiano wa polisi na jamii. Hapo ndipo pa kuuliza kwa nini kituo kimoja kinatajwa katika kesi baada ya kesi. Jedwali la Sita la sheria hiyo linamtaka pia afisa msimamizi aripoti IPOA mara moja pale nguvu iliyotumika imesababisha kifo au jeraha baya, kwa hivyo ni halali kuuliza kama tukio fulani liliripotiwa.

Kuhusu askari wa kaunti, swali ni la bajeti. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo kuna vikao vya kukusanya maoni katika wadi. Mkazi anaweza kusimama na kuuliza kura ya gharama za kisheria ni kiasi gani, ni hukumu ngapi hazijalipwa, ngapi kati yake zinatokana na matendo ya askari wa kaunti, na riba imefika wapi. Majibu mengine yamo tayari katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo huorodhesha madeni ya kaunti yanayosubiri kulipwa na husomwa na yeyote bila malipo. Asiyejibiwa ana Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016: ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21.